Nyuzi za Fidla na Matendo ya Rozari: Dhana Potofu kuhusu Sonata za Biber

Katika maktaba ya taifa ya Bavaria, mjini Munich, imehifadhiwa hati ya mkono yenye vipande 16 vya fidla vilivyotungwa na Heinrich Ignaz Franz Biber, mwanamuziki aliyezaliwa Bohemia, katika Ucheki ya leo, mwaka 1644 na kufariki Salzburg mwaka 1704. Vipande 15 vya mwanzo, vinavyoitwa sonata, vinafuata matendo ya Rozari Takatifu, yaani matukio ya maisha ya Yesu na Maria yanayotafakariwa katika sala hiyo ya Kikatoliki, tangu malaika anapompasha Maria habari hadi Maria anapowekwa Malkia mbinguni, na kila kimoja kimetanguliwa na picha ndogo ya tendo lenyewe. Katika vipande 14 kati ya vyote 16, mpigaji anatakiwa kwanza akaze au alegeze nyuzi za fidla yake kwa mpangilio usio wa kawaida, na hakuna mpangilio hata mmoja kati ya hiyo 14 unaorudiwa. Mbinu hiyo huitwa skordatura, na ndiyo iliyozaa maelezo mengi yasiyo sahihi.

Jina lenyewe limechangia upotofu. Neno hilo ni la Kiitaliano, na asili yake ni kitenzi chenye maana ya kukiondoa chombo katika mlingano wake, hivyo wapo wanaodhani kwamba fidla hupigwa ikiwa imeharibika sauti kwa makusudi. Sivyo. Kila uzi hulinganishwa kwa uangalifu uleule wa siku zote, ila unapelekwa kwenye sauti nyingine. Fidla ya kawaida, kuanzia uzi mnene, huwa na sauti zinazoitwa G, D, A na E. Wapigaji wengi wa muziki wa Kiarabu hushusha nyuzi mbili za juu wakapata G, D, G na D, na hakuna anayesema fidla zao ni mbovu.

Dhana ya pili ni kwamba mpigaji analazimika kujifunza upya mahali pa kila sauti, mara 14. Ingekuwa hivyo, nadhani wachache mno wangethubutu kuzigusa sonata hizi. Biber aliandika noti zake zimwonyeshe mpigaji pa kuweka vidole, wala si sauti itakayosikika. Tuchukue sonata ya sita, ile ya Yesu kutoka jasho la damu katika bustani, ambamo uzi wa juu kabisa umeshushwa kutoka E hadi D. Mpigaji akiona noti ya E anapiga uzi huo bila kuubana kidole, kama alivyozoea tangu utotoni, na kinachotoka ni D. Vidole havipati shida. Anayepata shida ni yule mwenye sikio kali linalotambua kila sauti kwa jina lake, kwa kuwa macho yanasoma jambo moja na masikio yanaambiwa jingine kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Wengine hudai kwamba skordatura ni mbwembwe tu za fundi aliyetaka kustaajabisha watu. Ni kweli Biber alikuwa fundi wa hali ya juu na alijua kujionyesha, lakini dai hilo haliwezi kusimama mbele ya fidla yenyewe. Katika sonata hiyohiyo ya sita, nyuzi mbili za chini zimekazwa kwa nusu hatua zikawa A flati na E flati (flati ni sauti iliyoshushwa nusu hatua), na mbili za juu zimelegezwa kwa hatua nzima zikawa G na D. Uzi wa A flati na ule wa G vinagongana, na ubao wa fidla unavutwa kwa nguvu isiyolingana kati ya upande mmoja na mwingine, kwa hiyo sauti inatoka kana kwamba imebanwa kooni. Kinyume chake ni sonata ya pili, Maria anapokwenda kumtembelea Elisabeti: nyuzi ni A, E, A na E, ambapo uzi mmoja ukipigwa mwenzake wa jina hilo hutikisika bila kuguswa na upinde, na chombo kizima kinang'aa.

Mpangilio mgumu zaidi, kwa maoni yangu, ni wa sonata ya nane, Yesu anapovikwa taji la miiba. Uzi mnene wa G unapandishwa hadi D, ule wa D unakuwa F, ule wa A unakuwa B flati, na ule wa E unashuka hadi D. Nyuzi zote nne zinabanwa ndani ya oktava moja, yaani umbali kati ya sauti na ile ya jina hilohilo inayofuata juu yake, ilhali kwa kawaida upana wake ni oktava moja na hatua nne na nusu. Uzi mnene ukikazwa kiasi hicho unaweza kukatika, na baadhi ya wapigaji huubadilisha kwa uzi mwembamba zaidi. Mtu hahitaji kusoma kitabu ili ahisi mkazo huo, unasikika. Sonata ya 12, Yesu kupaa mbinguni, nayo hubana nyuzi ndani ya oktava moja, yaani C, E, G na C, ila kwa lengo jingine: hizo ni sauti za tarumbeta, na fidla inazipiga kama wapiga tarumbeta wa ikulu wanaomlaki mfalme.

Dhana inayorudiwa sana ni kwamba nyuzi hufanya umbo la msalaba katika sonata ya kusulubiwa. Msalaba wa nyuzi upo kweli, lakini hauko hapo. Sonata ya kumi, Yesu anapokufa msalabani, ina badiliko moja tu: uzi wa E unashushwa hadi D. Nyuzi zinazopishana ziko katika sonata ya 11, ya Ufufuko. Mpigaji anafungua nyuzi mbili za katikati na kuzibadilishana nafasi, hivyo zinakatizana mahali pawili: juu, karibu na vigingi vya kukazia, na chini, nyuma ya kile kidaraja cha mbao kinachozibeba. Mpangilio unaopatikana ni G, G ya juu yake, D, na D ya juu yake. Kwa kuwa majirani hao wamepishana oktava kamili, kidole kimoja kikilazwa juu ya nyuzi mbili kinatoa wimbo katika sauti mbili za oktava kwa pamoja, jambo ambalo kwa fidla ya kawaida hutaka vidole viwili na mazoezi ya muda mrefu. Humo ndimo wimbo wa zamani wa Pasaka, Surrexit Christus hodie, unaposikika. Mtazamaji aliye karibu huuona msalaba. Msikilizaji husikia ufufuko.

Wako pia wanaoufuata muziki huu kama msomaji wa hadithi, wakitafuta katika kila mruko wa upinde pigo la mjeledi au nyundo ya msumari. Tahadhari inahitajika. Sonata ya kupigwa mijeledi imejaa miondoko ya dansi za ikulu, alemanda na sarabanda, na ile ya taji la miiba inamalizikia kwa jigi, dansi ya haraka. Hiyo haikuwa dharau kwa mateso ya Bwana. Dansi hizo zilikuwa lugha ya kawaida ya muziki wa vyombo wakati ule. Tena sonata ya kumi inapatikana katika hati nyingine huko Vienna ikiwa na vichwa vinavyosimulia Waturuki walivyouzingira mji huo mwaka 1683. Muziki ni uleule kwa sehemu kubwa, umepewa hadithi nyingine.

Jina "Sonata za Rozari" si la Biber. Ukurasa wa kichwa haupo katika hati, na kilichobaki ni tabaruku kwa Askofu Mkuu wa Salzburg, Max Gandolph von Kuenburg, aliyeajiri Biber kuanzia 1670 na kufariki mwaka 1687. Wala sonata hizi hazikuwa maarufu enzi za Biber. Sifa yake kama mtunzi wa fidla ilitokana na sonata nyingine alizozichapisha mwaka 1681. Hizi za Rozari hazikuchapwa hadi 1905.

Skordatura nayo haikuanzia kwake. Mtunzi wa Kiitaliano Biagio Marini aliitumia katika kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1629, na baadaye Mozart aliagiza nyuzi zote za viola, chombo kama fidla ila kikubwa kidogo, zikazwe nusu hatua katika utunzi wake wa mwaka 1779 wa fidla, viola na okestra.

Mkatoliki wa leo aliyezoea kusali Matendo ya Mwanga siku ya Alhamisi anaweza kudhani kwamba sonata tano zimepotea. Hakuna kilichopotea. Matendo hayo yaliongezwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 2002. Enzi za Biber yalikuwepo ya Furaha, ya Uchungu na ya Utukufu tu.

Basi kipande cha 16 ni cha nini, ikiwa matendo yamekwisha? Si tendo la ziada, na picha yake inaonyesha malaika mlinzi amemshika mtoto mkono. Fidla imerudishwa katika G, D, A na E, na chombo cha besi kilichoisindikiza katika sonata zote 15 kimenyamaza. Sauti nne zinazoshuka, G, F, E flati na D, zinarudiwa mara 65, na juu yake fidla inatangatanga, inakimbia, inapumzika na kukimbia tena, ila hatua hizo nne haziiachi.