Mtoto mdogo naye hupata mawazo

Sema tu kwamba una miadi ya mtoto wa miaka mitano kwenye kliniki ya afya ya akili, uone kama hutaulizwa: "Kwani mnampeleka Mirembe?" Hospitali hiyo ya magonjwa ya akili ya Dodoma ipo tangu 1927, na kwa utani wetu wa vijiweni jina lake limekuwa tusi. Wazazi wengi hukwama hapo hapo, kabla hata hawajajua nani wa kumwona. Na dhana za kuwakwamisha haziishii hapo; nyingine ni hizi.

"Mtoto hana mawazo, ana shida gani yeye?"

Anayo, ila hawezi kuyaeleza kama mtu mzima. Aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anaanza upya. Tumbo linamuuma kila Jumatatu asubuhi na vipimo havioni kitu. Mwingine anang'ata wenzake, mwingine anaacha kucheza. Dalili kama hizo zikidumu wiki kadhaa, hasa baada ya msiba, ugomvi wa wazazi au kuhamishiwa ghafla kwa bibi, si kudeka. Na fimbo hapo humfundisha kuficha tu.

"Asiambiwe kuhusu msiba, atasahau."

Hili ndilo linaloumiza watoto wengi kimya kimya. Baba amefariki, mtoto anaambiwa amesafiri. Lakini turubai ameliona, vilio amevisikia, na kila akitaja jina la baba watu wanabadilisha mazungumzo. Matokeo yake anang'ang'ania kanga ya mama hata mama akienda dukani tu, maana waliosafiri hawarudi. Aliyeambiwa "babu amelala" anaweza kuogopa kulala. Mtoto wa umri huo huenda akadhani marehemu atarudi, au kwamba yeye ndiye aliyesababisha kwa kumkosea. Anahitaji maneno mafupi na ya kweli: amefariki, hatarudi, si kosa lako. Na aambiwe nani sasa atampeleka shule. Atauliza tena kesho na keshokutwa, ajibiwe vilevile.

"Ametupiwa majini."

Dua na maombi havizuii hospitali. Mtoto anayekodoa macho ghafla, kukakamaa au kuanguka huenda ana kifafa, na kwetu kifafa mara nyingi hutibiwa katika kliniki hizo hizo za afya ya akili. Kuchelewa hapa ni hatari.

"Watampa vidonge, atazubaa maisha yake yote."

Kwa mtoto mdogo mwenye huzuni, woga au hasira, vidonge si pa kuanzia. Muda mwingi wa siku ya kwanza huhojiwa wewe mzazi: mimba ilikuwaje, alilia alipozaliwa, alianza kutembea lini, analala na nani, nani kaondoka nyumbani. Masikio nayo yafaa yapimwe, kwa sababu wapo "wabishi" ambao kumbe hawasikii. Kisha mtoto anapewa karatasi na rangi, au wanasesere, na mtaalamu anatazama anavyocheza. Tiba yenyewe sehemu kubwa ni mzazi kufundishwa namna ya kumtuliza, kumpangia siku yake na kumsifu anapofanya vizuri. Wengine hukasirika wakisikia hivyo: nimemleta mtoto, mbona napewa kazi mimi?

"Mpaka uende Dar."

Anzia pale unapompimia uzito. Mwambie muuguzi wa kliniki ya watoto au mganga wa zahanati, omba barua ya rufaa kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa. Afisa ustawi wa jamii naye ni mlango, hasa kama kuna ugomvi wa malezi. Kama kuna ukatili, nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au piga 116, namba ya bure ya msaada kwa watoto, Tanzania Bara na Zanzibar. Hospitali kubwa za rufaa kama Muhimbili, KCMC au Bugando ni kwa yale yaliyoshindikana huku chini. Kisera, walio chini ya miaka mitano hutibiwa bure katika vituo vya serikali, ingawa sera na dirisha la malipo havisemi lugha moja kila siku.

"Huduma zipo, wazazi ndio hawaendi."

Hii ni dhana ya maofisini, na inaudhi kuliko zote. Wataalamu wa akili za watoto ni wachache mno na wamerundikana mijini. Mama wa kijijini Kigoma akiambiwa arudi kila baada ya wiki mbili, nauli, kibarua anachokosa na watoto anaowaacha nyumbani vinamshinda kabla ya ugonjwa. Aliyeacha kuhudhuria kwa sababu hizo aulizwe kwanza kuhusu nauli.