Je, wajua kwa nini taa za nyuma za Mercedes-Benz SL ya zamani zina migongo kama bati?

Mercedes-Benz SL ya kizazi cha R107, gari la paa la kukunja lililotengenezwa Sindelfingen, Ujerumani, kuanzia mwaka 1971 hadi 1989, lina taa pana za nyuma ambazo uso wake si laini. Migongo iliyolala inapita juu ya taa nyeupe ya kurudi nyuma, ikavuka ile nyekundu, kisha ikapinda hadi ubavuni kwenye indiketa ya rangi ya machungwa. Wengi hudhani ni urembo tu. Kazi yake hasa ni kuzifanya taa ziendelee kuonekana hata gari likiwa limechafuka.

Gari linapokwenda kasi, hewa inayopita juu na pembeni mwake haiwezi kuufuata mwili wa gari hadi mwisho wa buti na kugeuka nao. Huachana nao, na nyuma hubaki eneo lenye kanieneo ndogo ambamo hewa hujizungusha. Mzunguko huo ndio unaonyanyua maji machafu yaliyorushwa na magurudumu na kuyapaka mkiani. Taa yenye uso laini hufunikwa yote kwa pamoja, hivyo breki zikikanyagwa, dereva anayefuata huona mwanga hafifu au asione kitu. Kwenye taa ya migongo, tope hunaswa zaidi na sehemu zilizotokeza, ilhali mabonde yaliyo katikati, kwa kuwa yamekingwa dhidi ya mkondo wa hewa, hubaki safi kiasi cha kupitisha mwanga.

Kwa gari la safari ndefu, hilo si jambo dogo. Hata 350 SL ya mwanzo, yenye injini ya V8, ilivuka kilomita 200 kwa saa, na kwenye Autobahn, yaani barabara kuu za kasi za Ujerumani, mtu aweza kukaa mvuani kwa muda mrefu bila kupata nafasi ya kusimama afute taa. Wahandisi waliyashughulikia maji hata upande wa mbele: nguzo za kioo cha mbele zilipewa mifereji inayoyakusanya maji machafu na kuyaelekeza juu, yasitapakae kwenye vioo vya milango na kumzuia dereva kuona pembeni. Na iwapo wa nyuma angegonga licha ya yote hayo, tangi la mafuta liliwekwa juu ya ekseli ya nyuma badala ya mkiani kabisa.

Taa za namna hiyo zilienea kwenye magari mengine ya kampuni hiyo, ikiwemo W123 ya mwaka 1976, ambayo wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanaijua vizuri zaidi kuliko SL. Ndugu wa SL mwenye paa la kudumu, 450 SLC 5.0, alifika hadi kwenye tope la Safari Rally nchini Kenya mwaka 1979, na Hannu Mikkola akamaliza wa pili.

Anayemiliki SL iliyotunzwa vizuri huziosha taa hizo kwa brashi laini akifuata urefu wa migongo, maana nta ya kung'arishia rangi hukauka mabondeni ikabaki nyeupe. La muhimu zaidi ni kuyazibua matundu ya kutolea maji yaliyo chini ya kioo cha mbele: majani yakiyaziba, maji huingia miguuni mwa abiria, na kutu huanzia mahali ambapo hapaonekani mpaka zulia linyanyuliwe.