Matibabu ya bure yalilipiwa na nani?

Hapa Tanga wengi huamini kwamba zamani Hospitali ya Bombo ilitibu bure, na kwamba tulianza kulipa pale uchangiaji ulipoletwa nchini mwaka 1993. Ni kweli dirishani hapakudaiwa fedha, lakini dawa na mishahara ya wauguzi viligharamiwa na kodi za wananchi pamoja na misaada ya wafadhili. Hata leo, mama lishe wa Ngamiani anaponunua vocha ya simu, ndani ya bei mna kodi ya asilimia 18, kwa hiyo huchangia kabla hajaugua. Mjadala wa bima ya afya kwa wote, iliyotungiwa sheria mwaka 2023, unahusu hasa lini tulipe na nani abebe kiasi gani. Nami naona ni dhuluma kumdai mtu aliyekwisha kulazwa.