Jino Likiacha Kuuma Lenyewe, Usidhani Limepona

Wagonjwa wengi wanaofika kwetu shavu likiwa limeshavimba hutoa maelezo yaleyale: "Daktari, lilikuwa limeshaacha kuuma." Jino liliwanyima usingizi siku kadhaa, wakameza panadoli na diklofenaki, likatulia. Wakaendelea na shughuli zao.

Ndani ya jino mna kiini, yaani nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu inayoshuka hadi ncha ya mzizi. Tundu likichimbika mpaka hapo, bakteria huingia na kiini huvimba. Kimezungukwa na ukuta mgumu, hakina pa kutanukia, ndiyo maana maumivu yake hayavumiliki. Kikifa, fahamu hufa nacho na maumivu hukatika. Bakteria wanabaki mle ndani, wakipenya taratibu kupitia ncha ya mzizi kuingia kwenye mfupa wa taya.

Si kila jino linalouma lahitaji matibabu ya mzizi, yaani kutoa kiini, kusafisha ndani ya mzizi na kuuziba. Likishtuka kwa maji baridi kisha likatulia mara tu unapomeza, mara nyingi kuziba kunatosha. Wasiwasi uanze pale maumivu ya baridi au ya chai ya moto yanapodumu nusu dakika na zaidi, jino linapopwita lenyewe usiku, au linapouma ukitafuna upande huo. Jino lililogongwa ajalini au mpirani likigeuka kijivu, nalo lipimwe. Kisha kuna kijipele cha fizi kinachotoa usaha, kikakauka, kikarudi. Hicho aghalabu hakiumi, na kinapuuzwa kuliko dalili zote.

Antibaiotiki za kununua dukani haziponyi hali hii. Dawa husafirishwa na damu, na kiini kilichokufa hakina damu. Karafuu hutuliza kweli, hata mojawapo ya dawa tunazozibia kwa muda ina mafuta yake, ila haiondoi ugonjwa uliomo mzizini. Maji ya betri, ambayo bado wapo wanaoyadondoshea jino, huunguza fizi na kuharibu jino ambalo pengine lingeokolewa.

Matibabu ya mzizi huenda hivi: tukishapiga eksirei, tunachoma ganzi na kulitenga jino kwa mpira mwembamba ili mate yasiingie. Tunatoboa juu, tunatoa kiini, kisha tunakwangua mirija ya mzizi kwa visindano vyembamba huku tukiiosha kwa sodiamu haipokloraiti, kemikali ileile inayotumika kung'arisha nguo nyeupe. Mirija ikiwa safi na mikavu, tunaijaza gatapacha, utomvu wa mti wa Asia ya Kusini-Mashariki. Jino la mbele la juu kwa kawaida lina mrija mmoja. Gego la kwanza la juu lina mizizi mitatu na mara nyingi mirija minne, na huo wa nne ni hodari wa kujificha. Ndiyo maana gego huchukua muda mrefu, pengine kurudi zaidi ya mara moja, na bei yake huwa juu. Ganzi ikishika vizuri, maumivu unayoyaogopa ni yale uliyokuja nayo. Siku chache za kwanza litauma kidogo ukitafuna.

Kung'oa ni rahisi kwa siku hiyo tu, maana pengo nalo lina gharama yake. Lakini gego lililotibiwa mzizi bila kuvikwa kofia, yaani kifuniko kigumu cha kulilinda, huweza kupasuka, kwa hiyo uliza bei ya vyote viwili kabla ya kuanza, na mwenye bima aulize inalipia nini. Mzizi ukiwa umepasuka wima, au jino limeoza hadi ndani ya fizi, tutakushauri ling'olewe.

Wazazi, gego linaloota nyuma kabisa mtoto akiwa na miaka sita hivi si la utoto. Haling'oki likaota jingine. Tunaumia kuona likiondolewa bure kwa kudhaniwa ni la maziwa, wakati pengine lingetibika.

Uvimbe ukishuka chini ya taya au shingoni, ukashindwa kumeza, kufungua kinywa au kupumua vizuri, hasa ukiwa na homa, nenda hospitali ya karibu saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane na kliniki ya meno imefungwa.