Je, wajua kwa nini mchicha hukolea kijani baada ya mvua ya radi?

Wakulima wa bustani wanalijua hili. Kiangazi kimekaza, mchicha na sukumawiki vimedumaa, unamwagilia asubuhi na jioni na majani bado yana umanjano. Kisha inapiga mvua moja ya ngurumo na radi, na baada ya siku chache tuta zima limekolea. Wengi husema radi imeshusha mbolea. Ni kweli, lakini sifa kubwa inastahili kwenda kwingine.

Karibu asilimia 78 ya hewa ni nitrojeni, kirutubisho kinachojenga majani. Mmea hauwezi kuichukua hewani, kwa kuwa atomu zake mbili mbili zimeshikana kwa nguvu mno. Radi inapopita, hewa ya kwenye njia yake hufikia nyuzi 30,000 hivi za Selsiasi, mara tano ya joto la uso wa jua. Hapo atomu huachana, nitrojeni huungana na oksijeni, na hatimaye hupatikana nitrati, aina ya nitrojeni ambayo mmea unaweza kuitumia, inayoshuka na mvua. Hiyo mizizi huifyonza.

Shida ni kiasi. Radi zote duniani hutengeneza takriban tani milioni 5 za nitrojeni kwa mwaka. Ukizigawa juu ya uso wote wa dunia, bahari na nchi kavu, kila hekta hupata kama gramu 100. Mfuko wa mbolea ya yurea wa kilo 50 una nitrojeni kilo 23. Hata Kabare, mashariki mwa Kongo, sehemu mojawapo inayoongoza duniani kwa radi, sehemu kubwa ya gesi hizo hubaki juu mawinguni na kupeperushwa mbali. Mvua moja haiwezi kukoleza bustani kwa njia hiyo.

Jibu liko ardhini, na lilichunguzwa hapa hapa kwetu, katika kituo cha utafiti cha Muguga, karibu na Nairobi. Mwaka 1958 mtafiti H. F. Birch alichapisha matokeo yake: udongo uliokauka ukiloweshwa tena, uozaji wa mboji hupanda ghafla, kisha hupungua siku zinavyokwenda. Wakati wa ukame bakteria na kuvu wengi hufa. Maji yakifika, walionusurika huzaliana kwa kasi, wakila mizoga ya wenzao na mboji iliyolegezwa na ukavu, na nitrojeni iliyokuwa imefungwa humo huachiliwa. Kadiri udongo ulivyokauka zaidi, ndivyo inavyotoka nyingi. Kopo la kumwagilia hulowesha tabaka la juu tu, penye shina. Mvua kubwa hufika chini na katikati ya mistari, kwenye udongo uliokuwa mkavu kabisa. Wanasayansi duniani kote huiita hali hii kwa jina la Birch, na sisi wenye kiangazi kirefu ndio tunaofaidika nayo zaidi.

Ndiyo maana wazee walihimiza kupanda mvua za kwanza. Nitrojeni hiyo iliyoachiliwa hugeuka nitrati, nayo haishikiki vizuri kwenye udongo. Mvua zikiendelea huizamisha chini ya mizizi, na aliyechelewa kupanda huikosa.

Radi yenyewe ikipiga bustani, huacha kiraka cha mimea iliyonyauka, mara nyingi cha mviringo. Majani ya nyanya hulegea na kunyauka ndani ya saa chache, na wengi hudhani ni mnyauko bakteria. Kata shina, ning'iniza kipande kwenye glasi ya maji safi. Ute mweupe ukitiririka, huo ni ugonjwa: ng'oa mimea hiyo na usirudishe nyanya hapo. Usipouona, pasua shina kwa urefu. Lililopigwa na radi, moyo wake huwa umesinyaa na kuachana vipande vipande kama vidato vya ngazi. Tazama pia magugu, kwani radi huyaua pamoja na nyanya. Kiraka cha radi hakitanuki siku zinavyopita, na unaweza kupanda tena papo hapo.