Je, wajua kwa nini bata bukini hukamatwa kwa kuswagwa tu, bila wavu?

Mwezi Machi, mkaribie bata bukini wa Kanada aliye kwenye nyasi kando ya ziwa: atanyoosha shingo, atapiga kelele, kisha atapaa. Mwishoni mwa Juni, ndege yuleyule huswagwa kama mbuzi warudio zizini na watu wanaotembea polepole. Anaingia bomani kwa miguu yake mwenyewe, anavishwa mguuni pete yenye namba ya kumtambulisha, anaachiwa.

Tofauti iko kwenye mbawa. Ndege wengi hubadilisha manyoya ya kurukia machache machache, pengo hapa na pengo pale, huku wakiendelea kuruka. Jamii ya bata na bukini huyapukutisha yote kwa mpigo mmoja. Mapya huchomoza yakiwa ndani ya ala laini zilizojaa damu, na kwa muda wa mwezi mmoja hivi bukini ni ndege wa miguu na wa kuogelea, basi. Wazazi hupitia hali hiyo wakati vifaranga wao nao hawajajua kuruka, kwa hiyo familia nzima iko chini.

Katika kipindi hicho bukini anataka nyasi fupi zisizomficha adui, na maji ya kukimbilia hatua chache kutoka hapo. Bustani za mjini zina vyote viwili. Lake Merritt, katikati ya jiji la Oakland, California, ni mfano mzuri: ziwa la maji ya chumvi yanayojaa na kupwa pamoja na bahari, lililotangazwa hifadhi ya wanyamapori mwaka 1870, la kwanza Marekani. Kila kiangazi mabukini hujaa kwenye nyasi zake kwa mamia. Wapita njia hulalamikia kinyesi, na wana haki, maana bukini hula nyasi mchana kutwa na zinatoka upesi.

Si kila mtu anaruhusiwa kuwakamata. Marekani inawalinda kwa sheria ya mwaka 1918, na anayevisha pete lazima awe na kibali cha Bird Banding Laboratory, ofisi ya serikali iliyoanza mwaka 1920, ambayo ndiyo inayotoa pete.

Kazi hufanywa asubuhi na mapema, kabla jua halijawa kali, kwa sababu bukini aliyebanwa kwenye kundi huku akihema kwa mdomo wazi anaweza kufa kwa joto. Boma husimikwa kwanza, karibu na mahali ambapo ndege wamezoea kupandia kutoka majini. Lina kuta mbili ndefu zilizotanuka kama mikono, zikipungua kuelekea mlangoni. Kimo cha mita moja kinatosha, maana hawaruki. Matundu ya ukuta yawe madogo: yakiruhusu kichwa kupita, ndege atajichubua. Watu wa kayaki (mitumbwi miepesi ya kasia) huwatoa majini taratibu, wale wa nchi kavu hujipanga upinde na kufunga nyuma.

Hapo ndipo wageni wa kazi hii huharibu. Kundi likikaribia mlango, mtu anapata pupa, anakimbia au anapiga makofi. Mabukini hugeuka kwa pamoja, hupasua mstari wa watu na kurudi majini, na siku hiyo hawakamatiki tena. Au huingia kwa kishindo na kuwakanyaga vifaranga. Kwa hiyo vifaranga hutengwa mara tu mlango unapofungwa.

Mshikaji hubana mbawa zote mbili shinani, ubavuni mwa ndege, na kumkumbatia mkia ukielekea mbele, mbali na nguo zake (utaona sababu baada ya dakika moja). Kiungo cha bawa hugonga kama rungu dogo, na kucha hukwaruza hadi damu. Jinsia haisomeki kwa macho, kwani dume na jike wana rangi moja. Ndege hulazwa chali na kukaguliwa tunduni chini ya mkia. Umri husomeka mkiani: manyoya ya ndege wa mwaka huo yana ncha yenye pengo, pale malaika, yaani manyoya laini ya utotoni, yalipokatikia.

Pete yenyewe ni ya alumini, ina tarakimu tisa: nne, kisha tano. Huvishwa juu ya vidole, kwenye sehemu nyembamba ya mguu, kwa koleo lenye tundu la kipimo chake. Unabana mara moja, unazungusha koleo robo duara, unabana tena hadi kingo zigusane sawasawa. Ikibaki nafasi kidogo, uzi wa ndoana, ambao ziwa la mjini halikosi, utanasa hapo na kumfunga ndege. Kingo zikipandana, zitakata ngozi. Pete hiyo hutanuliwa na kutolewa bila ubishi. Anayevisha husoma namba kwa sauti, mwandishi huirudia. Tarakimu moja ikikosewa, ndege huyo amepotea kwenye kumbukumbu akiwa hai.

Wote huachiliwa kwa pamoja, kuelekea majini. Ukiwatoa mmoja mmoja, wazazi hutangulia na vifaranga hubaki wakilia ukingoni.

Faida huja miaka baadaye, mtu anapoiona pete. Bukini mmoja aliyevishwa Ohio, Marekani, mwaka 1969, akiwa tayari mkubwa, alipigwa risasi na mwindaji Ontario, Kanada, mwaka 2001, na namba yake ikaonyesha kuwa ameishi zaidi ya miaka 33. Nasi Afrika Mashariki tuna korongo weupe wanaokuja na pete kutoka Ulaya. Ukiiona kwa ndege aliye hai, usimvue. Andika kila herufi, namba na anwani iliyo kwenye pete, pamoja na tarehe, mahali na hali ya ndege, upige na picha. Kwa Kenya, peleka habari Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Pete ya ndege aliyekufa usiitupe hata ikiwa imesagika mpaka namba hazionekani: kuna dawa za maabara zinazoweza kuzifichua tena.