Hogo limetolewa, kifundo hakiinuki: kuufundisha msuli uliohamishwa

Baada ya upasuaji wa kuhamisha msuli, mkono hufungwa hogo, yaani plasta ngumu. Siku hogo hilo linapotolewa, mgonjwa hujaribu kuinua kifundo cha mkono na hakiinuki. Anarudi zake Igoma au Buswelu, hapa Mwanza, akiamini upasuaji umeshindikana. Mara nyingi haujashindikana hata kidogo. Kano, ile kamba inayounganisha msuli na mfupa, imeshika pale iliposhonewa na msuli uko hai, ila ubongo bado unautuma kazi yake ya zamani. Mafunzo ya kazi mpya yanaanza siku hiyo, na mengi yanayoharibika huharibika katika wiki nne au tano zinazofuata.

Nitazungumzia zaidi mkono unaoanguka kifundoni kwa kuumia neva ya radiali, ile inayoamuru misuli ya kuinua kifundo na kunyoosha vidole. Neva hiyo huzunguka nyuma ya mfupa wa mkono wa juu ikiwa imeugusa kabisa, kwa hiyo mfupa ukivunjika katikati, kwa mfano kwenye ajali ya bodaboda, neva nayo huweza kuumia. Panga pia huikata. Ikipona yenyewe huota kwa wastani wa milimita 1 kwa siku, ndiyo maana daktari husubiri miezi kadhaa kabla ya kuamua. Isipopona, misuli isiyoumia ya upande wa kiganja huhamishiwa upande wa mgongo wa mkono. Mbinu hizi si ngeni: Robert Jones, daktari wa mifupa wa Uingereza, alizitumia kwa majeruhi wa Vita Kuu ya Kwanza.

Miezi hiyo ya kusubiri si ya kukaa bure. Msuli uliohamishwa hauwezi kusogeza kiungo kilichokakamaa, hata daktari awe hodari vipi. Kila siku, mara tatu au nne, tumia mkono mzima, yaani ule usioumia, kuinua kifundo kilicholegea huku vidole vimenyooka, kisha tanua ile nafasi kati ya dole gumba na kidole cha shahada, mara 10 kila zoezi, taratibu. Muda mwingine wote vaa banzi linaloshikilia kifundo juu. Mwambie daktari kazi yako mapema. Msuli wa kukunja kifundo upande wa kidole kidogo ndio unaotoa nguvu ya kupiga nyundo, kukata kwa panga na kusukuma kasia, na kwa mvuvi au fundi seremala mimi hupenda ubaki mahali pake, uchukuliwe ule wa upande wa dole gumba.

Mpangilio ninaoupendekeza una kano tatu. Msuli unaogeuza kiganja kitazame chini huunganishwa na kano ya kuinua kifundo. Msuli wa kukunja kifundo upande wa dole gumba hupewa kazi ya kunyoosha vidole vinne. Kano nyembamba ya katikati ya kifundo hupewa dole gumba. (Gusanisha ncha ya dole gumba na ya kidole kidogo, kisha kunja kifundo kidogo: ile inayosimama katikati ndiyo yenyewe. Wapo watu wasio nayo tangu kuzaliwa, na kwao daktari hutafuta nyingine.) Lakini kuna mipangilio mingine, na mazoezi hutegemea msuli gani umekwenda wapi. Kabla ya kuruhusiwa, omba karatasi ya upasuaji na uipige picha kwa simu. Mtaalamu wa fiziotherapia asiye na taarifa hiyo anabahatisha, na anayeumia ni wewe.

Hogo hukaa wiki 3 hadi 4. Kiwiko kimekunjwa nyuzi 90, kiganja kinatazama chini, kifundo kimeinuliwa nyuzi 30 hadi 45, vidole vimenyooka pale vinapoungana na kiganja, dole gumba limetanuliwa nje. Viungo vya ncha za vidole huachwa huru. Vikunje na kuvinyoosha kila saa, na bega lizungushwe. Mkono ukae juu kuliko moyo, hasa siku tano za mwanzo. Vidole vikiwa vya baridi, vikibadilika rangi, vikifa ganzi au maumivu yakizidi badala ya kupungua, rudi hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku. Kwa wanaovuka kwa boti, hogo lifunikwe kwa mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. Hogo lililolowa hulegea na kupoteza mkao.

Likitolewa, unapewa banzi la plastiki linalovaliwa muda wote isipokuwa wakati wa mazoezi na kuoga. Plastiki hiyo tunailainisha kwa maji ya nyuzi joto kati ya 65 na 70 ndipo tuipinde. Ukiliacha juu ya jiwe lililochomwa na jua la saa saba, au mbele ya kioo cha gari, linapinda tena na kuushikilia mkono vibaya. Kama hakuna banzi la plastiki, nusu ya chini ya lile hogo, ikifungwa kwa bendeji, inafanya kazi hiyo vizuri tu.

Sasa kuuamsha msuli. Kaa, kiwiko kimekunjwa, mkono umelala juu ya meza ubavu, dole gumba likitazama juu, ili uzito wa kiganja usiuvute chini. Usiwaze kuinua kifundo. Waza kugeuza kiganja kitazame meza, na wakati kinageuka ruhusu kifundo kije juu. Weka vidole vya mkono mzima juu ya kano mpya, upande wa mgongo wa mkono, uisikie ikikaza chini ya ngozi. Ikikaza, hata kama kifundo kimesogea kwa upana wa ukucha tu, msuli umeitika. Shikilia sekunde 3 hadi 5, achia, pumzika, rudia mara 5 hadi 10.

Kwa vidole, msaidizi ashike kifundo kisisogee. Wewe jaribu kukikunja kuelekea kiganjani, taratibu, na papo hapo fungua vidole. Dole gumba hufuata njia hiyo hiyo. Fanya kwa mikono yote miwili pamoja, maana mkono mzima huuonyesha ubongo njia. Mkupuo mmoja usizidi dakika 10, na urudiwe kila baada ya saa mbili ukiwa macho. Msuli huu huchoka haraka sana. Mwendo ukianza kutetemeka au kupungua, acha. Marudio mabaya hayafundishi kitu.

Ndugu wanaosaidia nyumbani nawaomba wasiseme "jaribu kwa nguvu". Mgonjwa akikaza kwa nguvu, misuli yote ya mkono hukaza kwa pamoja, ule mpya unazuiwa na wenzake, na kifundo kinabaki pale pale. Angalia pia ujanja wa mwili: anafumba ngumi na kuiachia ghafla, kifundo kinaruka juu kidogo, watu wanashangilia. Huo si msuli mpya. Anayeinua bega ili mkono uonekane umepanda naye arudishwe mezani.

Baada ya wiki mbili tatu za mazoezi, anza kuiacha ile amri ya zamani ya kugeuza kiganja. Kipimo changu ni kimoja: je, anaweza kupeleka kifundo upande wa mgongo wa mkono kiganja kikiwa kimetazama juu, bila kukigeuza? Akiweza, ubongo umeshika.

Wiki ya 4 hadi ya 8 (wiki zote nazihesabu tangu siku ya upasuaji) ndiyo ninayoihofia zaidi. Maumivu yameisha, mkono umeanza kutii, na kano bado haijawa imara pale iliposhonwa. Katika kipindi hiki usikunje kifundo na vidole kwa pamoja, usiegemee kiganja unapoinuka kitandani, mtu asiuvute mkono ili "kuunyoosha", na usibebe ndoo. Tonge laini la ugali unaruhusiwa kuanzia wiki ya 6, kifundo kikiwa juu. Kusonga huo ugali bado kabisa.

Kano ikivutwa mapema hairefuki kwa kelele. Kifundo kilichokuwa kinafika nyuzi 30 kinafika 20, wiki inayofuata 10. Hapo tunarudisha banzi muda wote na kupima upya. Kano iliyokatika ni tofauti: mwendo hupotea ghafla, wengine husikia mshtuko kama kitu kimeachia. Vaa banzi na umwone daktari siku hiyo au kesho yake. Ukichelewa, ncha hujikunja na kurudi nyuma, na kushona tena kunakuwa kugumu. Tatizo la tatu ni kano kugandia kwenye kovu. Utalijua kwa kuangalia ngozi: msuli ukivuta, ngozi juu ya kovu inabonyea ndani, na ukisaidiwa kiungo kinafika mbali kuliko unavyokifikisha mwenyewe. Dawa yake ni kulikanda kovu kwa mafuta, kidonda kikishafunga kabisa, dakika 5 mara tatu kwa siku, ukikandamiza na kusogeza ngozi pande zote. Kulowesha mkono kwa maji ya uvuguvugu kabla ya kukanda kunasaidia, ila yasiwe ya ziwani. Kuna kichocho, na mshono mpya hautaki maji machafu. Joto la maji lipime kwa mkono mzima, kwa sababu ngozi ya mgongo wa mkono karibu na dole gumba inaweza kuwa haina hisia na ukaungua bila kujua.

Kuna jambo linalowasumbua wagonjwa ambalo si kosa la mtu. Msuli wa kifundo husogeza kano kama milimita 33, na vidole ili vinyooke vyote huhitaji kama 50. Kwa hiyo kifundo kikiwa juu kabisa, vidole huenda visifunguke mpaka mwisho; kishushe kidogo, vitafunguka. Nguvu nayo hupungua daraja moja kwenye kipimo cha 0 hadi 5, yaani msuli wa daraja la 5 hutoa kazi ya daraja la 4. Inatosha kwa kazi nyingi, lakini si ile ya awali.

Kuanzia wiki ya 8 tunaongeza mzigo. Weka kigasha, yaani sehemu kati ya kiwiko na kifundo, mezani, kifundo kikining'inia ukingoni, na uinue chupa ya maji ya nusu lita, mara 10, raundi tatu. Vibanio vya nguo ni vizuri kwa kufungua na kubana. Kushona nyavu ninakupenda kuliko kifaa chochote cha kununua, maana sindano inalazimisha vidole vifunguke, vishike, viachie, kifundo kikiwa juu. Kugeuza dagaa kwa reki kusubiri wiki ya 10. Kasia na kuvuta nyavu za sangara ni baada ya wiki ya 12, daktari akisharidhia, na mpini wa kasia uzungushiwe vipande vya mpira wa tyubu unenepe kidogo ili usihitaji kufumba ngumi yote. Mkono huendelea kuimarika kwa miezi 6 hadi mwaka.

Wanaotoka Ukerewe au Sengerema hupata shida ya nauli, kwa hiyo mahudhurio huwa machache. Kama una uwezo wa safari nne tu baada ya hogo kutolewa, ziwe wiki ya 5, ya 6, ya 8 na ya 12. Na kama kuna ndugu mjini wa kukupokea, kaa kwake kuanzia siku hogo linapotolewa hadi wiki ya 6, hata kwa kubanana.